Siku sita nikimtafuta mpishi wa Virginia Woolf

Jumatatu, kwenye basi halafu Bloomsbury

Basi limetoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvua ya rasharasha, nina begi moja, vitabu vitatu na viazi vya kuchemsha kwenye kontena. Likizo ya wiki moja. Kazini walidhani naenda kulala kwa dada yangu Reading lakini mwenzenu nimeamua kufuata nyayo za waandishi waliokufa zamani, na nataka niandike kila usiku kabla sijalala maana nikingoja nitasahau.

Sababu ya safari ni bibi mmoja. Mimi nafanya kea, yaani kazi ya kuhudumia wasiojiweza, kwenye nyumba ya wazee huku Uingereza, na huyo bibi amepita miaka tisini, kumbukumbu zimemchanganyikia, atakwambia chai ya moto sana, hapohapo anamwita mama yake, na kabla hujajibu anauliza kama basi la shule limeshapita. Mwaka wa kwanza nlikuwa namsahihisha, bibi hakuna basi, bibi leo Jumanne. Halafu siku moja nikanunua Mrs Dalloway, riwaya ya Virginia Woolf, mwandishi wa Kiingereza, dukani kwenye vitabu vya mtumba, pauni moja, nikaanza kusoma wakati wa mapumziko, na ukurasa wa kwanza tu mama wa miaka hamsini na kitu anatoka kwenda kununua maua, anavuta hewa ya asubuhi, na ghafla ni binti wa miaka 18 anafungua madirisha kule kijijini Bourton. Hakuna cha "akakumbuka enzi zake". Ni mtu mmoja, asubuhi moja, na umri wake wote umo mle kwa pamoja. Nikafunga kitabu nikamwangalia bibi. Tangu siku hiyo akiuliza basi namuuliza lina rangi gani.

Sasa leo kwenye basi kulikuwa na mama mtu mzima kiti cha upande wa pili, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, kashika mkoba kwa mikono miwili safari nzima. Nikamkumbuka Mrs Brown. Mwaka 1924 Woolf alitoa hotuba Cambridge, akasimulia alivyopanda treni kutoka Richmond kwenda Waterloo akamkuta mwanamke mzee kwenye kona, nguo zimechakaa ila safi, zimetiwa viraka vizuri, akampa hilo jina la Mrs Brown. Akasema waandishi wa kabla yao, kina Arnold Bennett, wangemweleza kwa nyumba anayokaa, kodi anayolipa, mumewe anauza nini, na mwisho wa yote huyo mama angebaki ameketi palepale kwenye kona bila mtu kumtazama. Humohumo ndo kuna ile sentensi inayonukuliwa sana, kwamba mnamo Desemba 1910 hivi, hulka ya binadamu ilibadilika.

Watu wanainukuu wanaishia hapo. Mimi kilichonishika ni mfano aliotoa baada ya hapo. Hakutaja mfalme wala profesa, alimtaja mpishi. Anasema mpishi wa zamani alikuwa kama mnyama mkubwa anayeishi kilindini, kimya, hajulikani, lakini mpishi wa siku hizi anapanda juu, anaingia sebuleni, mara kuazima gazeti mara kuuliza kama kofia imempendeza. Yaani uhusiano wote umehama, bwana na mtumishi, mume na mke, mzazi na mtoto.

Mama yangu alikuwa hausigeli Upanga miaka sita. Kwa hiyo nliposoma hapo nikajiuliza, sawa, mpishi amepanda juu mpaka sebuleni, je humo vitabuni ameingia? Hilo ndo naenda kulitafuta, mengine yote ni nauli tu.

Bloomsbury, mtaa wa London, nimefika saa sita. Gordon Square namba 46 ndipo Virginia na ndugu zake walihamia 1904 baba yao alipofariki, ila kibao cha ukutani kimeandikwa jina la Keynes yule mchumi, aliyekuja kukaa baadaye. Tavistock Square namba 52, alipoishi kuanzia 1924 mpaka 1939, haipo, bomu liliipiga 1940 na sasa hapo pana hoteli. Bustani bado ipo. Katikati amekaa Gandhi wa shaba na kwenye kona ipo sanamu ya kichwa cha Woolf, uso mrefu, macho yamezama. Aliandika mwenyewe kwamba siku moja akiizunguka hii bustani ndipo riwaya yake To the Lighthouse ilimjia yote kwa mkupuo, bila kuitafuta. Nimeizunguka mara tatu. Kilichonijia mimi ni kwamba bibi leo anapewa chai na mtu mgeni, na kama atauliza basi huyo mgeni atamwambia hakuna basi.

Jumanne, Westminster mpaka Regent's Park

Leo nimetembea njia ya Mrs Dalloway mwenyewe, kutoka Westminster, kukatiza St James's Park, mpaka Bond Street. Big Ben imegonga nikiwa barabarani. Kwenye kitabu kila saa ikigonga anaandika kwamba duara za risasi ziliyeyuka hewani, risasi ya madini ile nzito, na nliposimama pale nikaelewa maana sauti haiishi ghafla, inatanuka juu ya vichwa vya watu halafu haipo tena. Na inawagonga wote kwa pamoja, tajiri anayeandaa pati na mgonjwa aliyekaa kwenye benchi.

Mgonjwa mwenyewe anaitwa Septimus Warren Smith. Alikuwa karani, akajitolea kwenda vita mwanzoni kabisa, rafiki yake Evans akauawa Italia vita ikiwa karibu kuisha, na Septimus akajipongeza kwamba hajaumia moyoni. Hapo ndo balaa. Anaoa Rezia, binti wa Kiitaliano mshona kofia, miaka inapita na hisia hazirudi, anakaa naye benchi la Regent's Park na ndege wanamwimbia kwa Kigiriki. Daktari wa kwanza anasema hana kitu. Wa pili, bingwa, anakaa naye robo tatu ya saa na kuamua apelekwe mbali apumzike. Kabla hawajamchukua Septimus anajirusha dirishani. Usiku habari zinafika kwenye pati ya Clarissa, ndiye Mrs Dalloway mwenyewe, na huyu mwanamke ambaye hajawahi hata kumwona anaingia peke yake chumba cha pembeni na kuhisi kwamba yeye na huyo kijana wanafanana.

Nimekaa benchi la Regent's Park nusu saa. Kabla ya 1914 watu wasomi wa Ulaya waliamini kwamba binadamu anapanda ngazi, kila kizazi afadhali kuliko kilichopita, akili inaongoza, tamaa inafuata nyuma. Halafu mataifa yaleyale yenye vyuo na treni na opera yakachinjana miaka minne kwenye matope. Baada ya hapo huwezi kuandika hadithi yenye mtu mwema anayezidi kuwa mwema mpaka harusi. Ndo maana vitabu vile vinakatikakatika. Wengine wanasema ni mbwembwe za wasomi, mimi naona ni ukweli, mtu aliyepasuka akisimulia kwa mpangilio mzuri basi anakudanganya.

Ila nikiwa hapohapo benchini nikakumbuka nyumbani. Vita ile ilifika kwetu, Kariakoo jina lenyewe limetoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, watu waliobeba risasi na unga vichwani kutoka pwani mpaka ndani, wakafa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa. Na ile sanamu ya Askari pale mjini Dar, Samora na Azikiwe, iliwekwa 1927, miaka miwili baada ya Mrs Dalloway kutoka. Maneno yake ni ya Kipling, mwandishi wa Kiingereza. Wapagazi wanakumbukwa kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Miguu na mikono. Nimepita pale mara ngapi nikiwa naenda posta bila kusimama kuliwaza hilo neno. Septimus mmoja kapewa kichwa kizima, ndoto zake, ndege zake, aibu zake, na wale wote wakapewa miguu na mikono. Sisemi Woolf ndiye mkosaji, yeye aliandika mji anaoujua. Lakini nimeondoka pale bustanini nina hasira, na sitaki kuificha kwenye haya maandishi.

Jumatano, nyumba ya Freud

Nimeshuka Finchley Road nikapanda kilima mpaka 20 Maresfield Gardens. Freud, yule daktari wa Vienna aliyechimba mambo ya nafsi, alikimbilia hapa 1938 Wanazi walipoichukua Austria, akafia hapa Septemba 1939. Kile kitanda chake maarufu cha wagonjwa kipo, na mimi nlidhani kitakuwa kitu cha hospitali, kumbe kimefunikwa zulia la Kiajemi zito la rangi nyekundu na mito juu yake, kama baraza la mtu anayekaribisha wageni Tanga. Mgonjwa analala, Freud anakaa nyuma ya kichwa chake, haonekani. Na kote mezani na kabatini vijisanamu vya Misri na Ugiriki, mamia kwa mamia, vimepangwa kama vinasikiliza.

Kuna msemo wake wa 1917 ambao naona umebeba jambo lote, kwamba nafsi si bwana hata ndani ya nyumba yake yenyewe. Zamani ungeambiwa wewe ni akili yako na maamuzi yako. Freud akaja akasema kuna vyumba vya uani huvijui, na huko ndiko mambo yanakoamuliwa. Waandishi wa kizazi kile walisikia hilo kila upande, hata ambao hawakumsoma. Woolf mwenyewe na mumewe walikuwa wanachapisha vitabu vya Freud kwa Kiingereza tangu 1924 kwenye kampuni yao ya Hogarth Press, lakini hakukaa kumsoma kwa dhati mpaka Desemba 1939. Walikutana mara moja tu, Januari 1939, kwenye nyumba hii hii, mzee akiwa na kansa ya taya, akampa ua la narcissus.

Kwa hiyo nimesimama pale nikiwaza, nyumba ambayo mwenyewe si bwana wake, basi nani anaijua? Na jibu lilikuwa limeandikwa humohumo ndani ya nyumba. Vile vijisanamu vilikuja kutoka Vienna kwenye masanduku, na chumba kikapangwa upya kama kilivyokuwa kule ili mzee akiingia aone kila kitu mahali pake. Waliopanga ni mwanawe Ernst na mtumishi wao wa ndani, Paula Fichtl, ambaye alikuwa akivipangusa vumbi miaka na miaka na alijua kila kimoja kinakaa wapi. Kichwa chake ndicho kilichobeba kile chumba kuvuka mipaka. Nimerudi hosteli kwa miguu njia nzima nikimuwaza Paula na kitambaa chake.

Alhamisi, Rodmell

Treni ya Victoria mpaka Lewes, nikabadili ya Southease, kituo kidogo kama kibanda, halafu unatembea kama maili moja na unavuka mto Ouse kwa daraja. Maji yana rangi ya chai ya maziwa na yanakwenda kasi maana bahari iko karibu, yanapanda na kushuka. Ni mto huu, 28 Machi 1941, Virginia alijizamisha akiwa na jiwe zito mfukoni. Nimesimama darajani kidogo tu. Nimesoma Fatiha kimoyomoyo, sijui kama inafaa, nimeisoma.

Monk's House, nyumba yao ya hapa Rodmell, yeye na mumewe waliinunua 1919 kwa pauni 700. Ni nyumba ndogo kweli, dari za chini, sebule kijani. Chumba cha kulala cha Virginia mlango wake unatokea bustanini, huwezi kukiingia ukiwa ndani ya nyumba, na mimi nikaona hiyo ni picha yake kabisa, mtu anatoka nje kwanza ndo anaingia kwake. Bustani inanuka udongo mbichi, kibanda chake cha kuandikia kiko mwisho, meza inatazama malisho.

Walipohamia hakukuwa na maji ya bomba wala bafu wala choo cha ndani. Mwaka 1926 ndo wakaweka, kwa hela aliyopata kwa Mrs Dalloway. Basi miaka saba kabla ya hapo ndoo alizimwaga nani? Hapo ndipo nlipompata mpishi wangu. Anaitwa Nellie Boxall, aliingia kwao 1916, akakaa miaka kumi na nane, wakigombana na kupatana, akitoa notisi na kuifuta, mpaka 1934 Virginia alipomwachisha kazi. Nellie hakuwa mnyama wa kilindini hata kidogo, alikuwa anajibu. Baadaye akaenda kumpikia Charles Laughton mcheza filamu.

Na sasa sikilizeni. Desemba 1929, katikati ya ugomvi, Woolf kaandika kwenye shajara yake kwamba kama angekuwa anaisoma hiyo shajara kama kitabu cha mtu mwingine, angeikamata kwa uroho ile picha ya Nellie na kuitungia hadithi, pengine hadithi yote angeizungushia hapo. Alijua! Mwandishi aliyeweza kuingia kwenye kichwa cha konokono (ana hadithi fupi hivyo, konokono kwenye bustani ya Kew) alijua kabisa kwamba hadithi iko jikoni kwake, akaandika kwamba anajua, na hakuiandika.

Aliyekaribia ni Mrs McNab. Sehemu ya katikati ya To the Lighthouse, 1927, nyumba ya kando ya bahari imeachwa tupu miaka kumi, vita vimepita, watu wanakufa ndani ya mabano, ndiyo, kwenye mabano, mama mwenye nyumba anafariki kwa sentensi moja tu. Na anayeingia mle na ndoo ni mfanya usafi, mzee, hana meno, anayumba kama meli, anaimba wimbo wa zamani. Woolf anaandika kwamba huyu mama hana akili na mwenyewe anajijua. Hapo sikubaliani naye na sitakubali. Mimi nafanya usafi. Ukipiga magoti kwenye sakafu ya mtu miaka mingi unamjua kuliko jamaa zake. Na kitabu chenyewe kinamkanusha mwandishi wake, maana kurasa chache mbele ni huyohuyo Mrs McNab, peke yake duniani, anayemwona marehemu na joho lake la kijivu ameinama kwenye maua. Bila yeye mama mwenye nyumba amekufa kabisa.

Nimetoka wakifunga. Miguu inauma.

Ijumaa, treni na meli

Euston mpaka Holyhead, halafu meli ya Dublin, saa tatu na ushee baharini. Viza ya Ireland nliihangaikia miezi miwili, karatasi za benki, barua ya kazini, mpaka nikakaribia kukata tamaa, imetoka wiki iliyopita. Bahari imechafuka, nimetapika mara moja. Sijasoma sana.

Nimewaza tu kuhusu Kichwamaji. Tuliisoma kidato cha sita, ya Kezilahabi, 1974, na mwalimu alitufundisha kwamba Kazimoto anajiua kwa sababu ya elimu ya kikoloni, andikeni hivyo mtapata maksi. Maksi nlipata. Lakini Kazimoto anayesimulia mwenyewe, anayejichimba mpaka anafika chini na kukuta hakuna kitu cha kushika, huyo hakuwa jibu la mtihani. Alikuwa mtoto wa Ukerewe aliyeulizwa swali lilelile la kina Septimus, tena ameulizwa kwa Kiswahili, na sisi tulimfunika kwa maksi.

Jumamosi, Dublin

Ulysses, riwaya ya James Joyce wa Ireland, ilitolewa Paris tarehe 2 Februari 1922 na Sylvia Beach mwenye duka la vitabu, baada ya wengi kuikataa, Hogarth Press wenyewe walishaikataa 1918. Siku moja tu hapa Dublin, 16 Juni 1904, mtu mmoja wa kawaida, Leopold Bloom, anatafuta matangazo ya gazeti. Anakaanga figo. Anaongea na paka na Joyce anaandika sauti ya paka vile inavyotoka kweli, Mkgnao. Anaenda choo cha uani na gazeti na sisi tuko naye. Watu walikasirika, Marekani kilipigwa marufuku mpaka mahakama ilipokiachia 1933. Naona kilichowaudhi ni zaidi ya uchafu, ni kwamba mtu wa namna hii, Myahudi mdogo asiye na cheo, kapewa nafasi aliyopewa Odysseus, shujaa wa tenzi za Kigiriki.

Asubuhi nimeenda duka la dawa la Sweny's, siku hizi haliuzi dawa, watu wanajitolea wanasoma kitabu kwa sauti mle ndani katikati ya chupa za zamani. Nimenunua sabuni ya limau kama aliyonunua Bloom. Naye ilikuwa inamsumbua mfukoni siku nzima, leo imenisumbua mimi. Kisha North Great George's Street kuuona mlango wa nyumba yake, Eccles Street namba 7, nyumba ilibomolewa ila mlango ukaokolewa. Nimeushika. Mbao tu, rangi imekwanguka karibu na kitasa.

Kwangu mimi sehemu kubwa kuliko zote ni ndogo sana. Mchana Bloom anakuta kijana kipofu amesimama ukingoni mwa barabara na fimbo yake, anamuuliza kama anataka kuvuka, anamshika kiwiko, taratibu, anawaza amwambie nini kisichomfanya kijana aone anahurumiwa. Halafu akishamvusha anabaki anawaza, chakula kikoje gizani, nywele za msichana zikoje ukizigusa tu. Anapapasa mwili wake mwenyewe chini ya shati ili ajue. Nawaambia hiyo ni kea, hayo ndo tunayofundishwa kozini wiki mbili na wengi hatuelewi.

Lakini mpishi nimemuuliza na huku. Bloom na mkewe walikuwa na mtumishi, Mary Driscoll. Anatokea kwenye ile sura ya njozi za usiku kutoa ushahidi kwamba bosi alimshika bila ridhaa, mistari michache, anachekwa. Na mwishoni mkewe Molly kitandani, kwenye ule mkondo wa fikra unaokaribia kukosa nukta kabisa, unaoanza na ndiyo na kuisha na ndiyo, anamkumbuka Mary kama mwizi wa chaza na viazi, ndo maana akafukuzwa. Kurasa mia saba, kichwa cha kila mtu kimefunguliwa, na huyu binti hatujui aliwaza nini akifunga virago vyake.

Jioni nimempigia mama. Amemaliza isha, sauti nzito ya usingizi. Nikamuuliza kitu ambacho sijawahi kumuuliza maisha yangu yote, mama, kule Upanga ukiwa unaosha vyombo ulikuwa unawaza nini. Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Akasema, "Nlikuwa nakusikia unalia."

Mimi wakati huo nilikuwa Muheza kwa bibi.

"Najua ulikuwa Muheza. Nlikuwa nakusikia. Maji yakimwagika bombani nafunga, nasikiliza, nafungua tena. Ndo maana nlivunja sahani. Walinikata sahani tatu kwenye mshahara." Kisha akaanza kunielezea moja moja, ya kwanza ilikuwa na maua ya bluu pembeni, ya pili nyeupe ya kawaida wakadai ni ya seti, ya tatu haikuvunjika, ilipata ufa tu, aliificha nyuma ya ndoo siku nne, na nimekaa hapa kwenye ngazi za hosteli na simu sikioni mpaka chaji imebaki asilimia nne na bado hajamaliza.